Oadby au Evington?

Tulipohamia Leicester, mume wangu aliipenda Oadby: miti, bustani, utulivu. Tukasaini mkataba. Kumbe shule ya jirani imejaa. Mwanangu akapewa nyingine, mabasi mawili. Wiki ya kwanza alilala ndani ya basi, kiatu kimoja mkononi, nami zamu yangu huanza saa moja na nusu.

Jamani, pigeni simu kaunsili kabla ya kulipa kodi. Na ulizeni kaunsili ipi! Evington iko chini ya jiji, Oadby pale jirani tu ni ya kaunti. Wa kuanza risepsheni Septemba, maombi mwisho 15 Januari.

Sasa tuko Evington. Nyumba ndogo, jiko la kupishana. Shuleni anaenda kwa miguu na baba yake, wakihesabu paka.