Monaco: Mahali samaki walipopisha matumbawe

Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco limejengwa kwenye jabali lililo juu ya Bahari ya Mediterania. Mtawala wa nchi hiyo ndogo, Albert wa Kwanza, alilifungua mwaka 1910. Mpiga mbizi maarufu wa Ufaransa, Jacques Cousteau, aliliongoza kuanzia 1957 hadi 1988. Siku hizi familia huingia, hupita ukumbi mkubwa, kisha hushuka chini kwenye matangi ya vioo.

Watoto wengi humtafuta samaki mmoja tu: mdogo, wa rangi ya chungwa, mwenye mistari myeupe, aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Wakimwona, swali linalofuata kila mzazi analijua: "Na sisi tutamfuga nyumbani?"

Jibu la swali hilo haliko kwa samaki. Liko nyuma yake, kwenye kile kinachoonekana kama jiwe.

Lile si jiwe tupu. Ni matumbawe, wanyama wadogo wanaoishi kwa maelfu wakiwa wameshikana, na kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa. Kwa miaka mingi matangi ya maji ya chumvi duniani yalipambwa kwa mifupa ya matumbawe yaliyokufa. Mifupa ikiota ukijani, ilitolewa na kusuguliwa hadi iwe myeupe. Samaki waliishi humo bila shida, lakini matumbawe hai yakiwekwa yalikufa.

Sababu ni uchafu usioonekana. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wazuri huigeuza hatua kwa hatua hadi kuwa nitrati. Samaki wengi huvumilia nitrati, lakini matumbawe mengi hudhoofika, huku majani ya baharini yakinenepa na kuyafunika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanasayansi Jean Jaubert alileta Monaco njia rahisi kuieleza. Chini ya tangi aliacha nafasi ya maji yaliyotulia, na juu yake akalaza tabaka nene la mchanga wa matumbawe. Ndani kabisa ya mchanga huo oksijeni ni haba. Bakteria wanaoishi humo huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, nayo hutoka majini na kwenda zake hewani. Mchanga wenyewe huyeyuka kidogo kidogo na kuyarudishia maji kalsiamu, ambayo matumbawe huihitaji kujengea mifupa yao.

Matumbawe yaliyowekwa kwenye tangi hilo yalitoka Djibouti, karibu na mlango wa Bahari ya Shamu. Yaliota. Kutoka hapo kipande hukatwa, hubandikwa kwenye jiwe, nacho hukua kuwa tumbawe jipya, kama shina la muhogo linavyopandwa. Tangi lililojengwa hivyo haliombi bahari matumbawe mapya kila mwaka.

Kwa mwenye tangi la samaki nyumbani anayetaka kulifanya mwamba hai, somo la Monaco ni kwamba kazi haianzi dukani. Inaanza kwa kupunguza. Samaki huwa wachache na chakula hupungua. Wanaokula matumbawe, kama kikande na vipepeo wengi, hutafutiwa makao mengine. Mawe yaliyowahi kulowa dawa ya shaba, inayotumika kutibu samaki, hayafai tena, kwa sababu shaba huua matumbawe hata ikiwa kidogo.

Kisha huja taa kali, maana ndani ya tumbawe huishi vimea vidogo mno vinavyotumia mwanga kulitengenezea chakula. Huja pampu za kuyatikisa maji. Joto hushikiliwa nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Maji yakipungua kwa mvuke huongezwa maji safi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Baada ya hapo ni kusubiri wiki nyingi, huku bakteria wakifanya kazi na tangi likionekana halina kitu.

Kwa mtoto, hiyo ndiyo sehemu ngumu. Nyumba isiyoweza kusubiri, au yenye umeme unaokatika mara kwa mara bila akiba, itakuwa inawatesa viumbe hao.

Kuna jambo zito zaidi la kumweleza mtoto. Tumbawe likipata joto la nyuzi moja tu juu ya kiwango chake cha juu cha kawaida kwa wiki kadhaa, huwafukuza wale vimea na kubaki jeupe. Mwaka 1998 hali hiyo iliua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi, pamoja na pwani ya Kenya na Tanzania. Tangi huwa na fundi wa kushusha joto. Bahari haina.

Familia za Afrika Mashariki hazilazimiki kwenda Monaco. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kina mwamba uliohifadhiwa tangu 1994, na wanafunzi hupelekwa huko kujifunza. Kisite, ng'ambo ya Shimoni nchini Kenya, ni hifadhi pia. Mtoto anayeelea juu ya mwamba kwa miwani ya kuogelea huwaona samaki wakiwa kwao. Anachotakiwa ni kutokanyaga, kutovunja, na kutonunua tumbawe la mapambo linalouzwa ufukweni. Nchi kavu hilo ni mfupa tu, lakini lilichukua miaka mingi kukua.