Mashine Iliyokula Sarafu

Kijana yule hakuwa akitafuta mashine ya kufulia. Fundi wake alikuwa amemtuma akatafute mota ya pampu katika yadi ya vyuma vikuukuu pembezoni mwa Kongowea, Mombasa, mahali ambapo makontena ya bidhaa zilizotumika Uingereza yalikuwa yakifunguliwa, na kisichopata mnunuzi upesi kikitupwa nyuma kipigwe na mvua. Huko ndiko alikoiona. Ilikuwa imelalia ubavu baina ya majokofu mawili yasiyo na milango, kioo chake cha mviringo kizima, miguu yake miwili imeliwa na kutu. Juu ya mlango palikuwa na kisanduku cha chuma chenye mwanya mwembamba, na maandishi yaliyomtaka mtumiaji atumbukize sarafu ya peni 10.

Aliinunua kwa bei ya chuma, kwa kilo. Mota ya pampu hakuipata, na karipio la fundi alilipata kamili.

Mama yake kijana huyu alikuwa mfua nguo. Kwa miaka 19 alikuwa ameketi juu ya kigoda kile kile, mbele ya karai lile lile, akifua mablanketi na suruali za watu wa mtaa, na katika miaka ya karibuni alisaidiwa na majirani wawili waliolipwa kwa kila beseni. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeanza kukataa kufumba. Asubuhi hakuweza kukamata kikombe mpaka avitie kwanza katika maji ya moto. Hayo kijana alikuwa akiyaona kila siku, wala hakuna aliyeyataja.

Wanafunzi wa Kiswahili wanajua kwamba tunafua nguo, tunafua chuma, na tena tunafua nazi. Kwa muda wa miezi minne, ua wa nyumba ile ulikuwa na kufua kwa aina mbili: mama na wenzake upande wa mlimau, kijana na nyundo yake upande wa choo.

Asili ya mashine za namna hii ni mbali. Mwaka 1934, katika mji wa Fort Worth, Texas, palifunguliwa nyumba yenye mashine nne za umeme ambazo watu walizikodi kwa saa. Na London ilipata nyumba yake ya kwanza ya kufulia kwa sarafu mwaka 1949, katika mtaa wa Queensway. Nia yake ilikuwa nyepesi: asiyeweza kununua mashine anunue nusu saa yake. Ile ya Kongowea ilikuwa ya baadaye sana, lakini haikuwa imetengenezwa baada ya 1992, maana mwaka huo Waingereza waliipunguza sarafu ya peni 10, na mwanya huu ulikuwa bado wa ile pana ya milimita 28.5. Ndani ya kisanduku zilikutwa tatu, zimeshikana kwa kutu.

Beringi zilikuwa zimekufa. Hizo hazikumsumbua, kwa kuwa nambari iliyochongwa ubavuni mwake ndiyo hiyo hiyo inayouzwa katika maduka ya vipuri vya magari. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka, akauziba kwa gundi na kipande cha tyubu ya baiskeli. Koili ya kupasha maji ilikuwa imevaa ukoko mweupe mithili ya chokaa; akailaza katika siki usiku kucha, asubuhi ukoko ukabanduka vipande vipande. Bahati njema ilikuwa moja: umeme wa Uingereza wa enzi za mashine ile ulikuwa wa volti 240 kama wetu, hivyo mota iliamka bila kudai kitu.

Maji ndiyo yaliyomtoa jasho. Ajuaye Mombasa anajua kwamba mfereji una siku zake, na kisima kina chumvi isiyokubali povu. Mashine ile ilizaliwa katika nchi ya maji yenye nguvu, na vali yake haikufunguka sawasawa kwa maji ya pipa lililoinuliwa juu ya choo. Kijana alihangaika nalo wiki tatu. Mwishowe mama alisogea na jagi, akavuta droo ya sabuni, akamimina maji kwa mkono hadi mashine ikanguruma yenyewe kwamba imeshiba.

"Baba, mbona humwagii tu?" akauliza.

Ukabaki mdomo wa sarafu. Kwa yeyote mwenye akili ya biashara, kazi hapo ilikuwa kukiondoa kisanduku, kuunganisha nyaya mbili, na kuendelea na maisha. Fundi alishauri hivyo. Mama ndiye aliyekataa. Aliingia ndani akatoka na mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa wa marehemu mumewe, ndani yake shilingi za zamani zenye kichwa cha Kenyatta, pana, nyeupe, ambazo hakuna muuza duka aliyezitaka tena. Zilikuwa 42. Upana wake ulikaribia milimita 28, tena zilikuwa nyepesi kuliko za Waingereza, basi fundi akapachika ukanda wa shaba ili kuubana mwanya, akapunguza na uzito wa wenzo uliopima sarafu.

Sababu ya mama ilijulikana jioni hiyo. Tangu mashine ianze kunguruma, wale majirani wawili walikuwa wamekoma kucheka. Mdogo wao alikuwa na watoto watatu na karo ya muhula haijalipwa. Mama alizimwaga shilingi mkekani, akazigawa kumi na nne kumi na nne, akazitia alama kwa msumari: za mmoja mstari mmoja, za mwingine miwili, zake hakuzigusa. Mteja atalipa kwa simu kama kawaida. Kitakachoingia mashinani ni shilingi ya mwenye zamu, na jioni kisanduku kitafunguliwa, kila mtu ahesabu zake, alipwe kwa hesabu hiyo. Wenzake walinyamaza. Mkubwa akauliza kama leso na nguo nyeupe zitabaki za mkono. Akajibiwa kwamba zitabaki.

Siku ya kwanza zamu ilimwangukia yule mdogo. Alitia blanketi zito la mteja, akamimina maji, akatumbukiza shilingi yenye mistari miwili. Ikasikika ikishuka, ikagonga wenzo, na pipa likaanza kuzunguka. Wote watatu waliketi mbele ya kioo. Dakika 20 baadaye umeme wa mtaa mzima ukakatika, blanketi likiwa ndani ya maji.

"Sasa zamu yangu imeliwa?" aliuliza yule mama mdogo.

Kijana alijua kwamba saa ya mashine ile ni ya magurudumu ya meno, husimama pale ilipofika na kuendelea umeme urudipo. Alifungua kinywa. Mama alikuwa amekwisha kuchukua shilingi moja katika fungu lake lisilo na alama, akaichora mistari miwili kwa ncha ya msumari, polepole kwa sababu ya vidole, akaiweka juu ya mashine. Kijana akafumba kinywa, akaenda kutazama kama nyumba za ng'ambo ya barabara zina taa.