Kitatange wa Pwani, Nkejje wa Kwetu

Katika zoezi moja la tafsiri tulipewa kifungu kuhusu samaki wa mapambo, wale bapa wenye mapezi marefu wanaofugwa kwenye matangi ya vioo katika hoteli za hapa Kampala. Waingereza wamewapa jina la malaika. Nusu ya darasa iliandika "samaki malaika", nusu nyingine ikaandika "kitatange". Mhadhiri akakubali yote mawili. Mimi sikukubali hata moja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za samaki kuliko za ngeli.

Kitatange ni samaki wa bahari. Wanasayansi wanamweka katika familia ya Pomacanthidae, na utamtambua kwa mwiba mkali ulio kwenye kifuniko cha matamvua. Makazi yake ni miamba ya matumbawe, na wengi wa jamii yake hula sifongo na mwani. Yule wa hotelini ni Pterophyllum, mzaliwa wa mto Amazon, wa maji baridi. Jenasi yake ina spishi tatu tu. Inayofugwa zaidi, Pterophyllum scalare, ilipewa jina la kisayansi mwaka 1823. Ule wembamba wake si urembo mtupu. Unamwezesha kupenya kati ya majani ya majini, akavizia wadudu, viluwiluwi vya mbu, hata samaki wadogo. Familia yake ni Cichlidae.

Na Cichlidae ndiyo familia ya ngege. Ndiyo familia ya nkejje pia, ambaye Watanzania humwita furu. Kwa hiyo huyo malaika ni binamu wa samaki tuliyelishwa utotoni, wala hana udugu wa karibu na kitatange.

Ukiniuliza, nkejje anastahili tangi la kioo kuliko binamu yake. Ziwa Victoria peke yake linakadiriwa kuwa lilikuwa na spishi 500 hivi za jamii yake, na tofauti kubwa kati yao ilikuwa chakula. Wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, waliokula wadudu, na waliovunja konokono kwa taya la pili lililo kooni, lenye meno mapana kama magego (na konokono ndio hubeba kichocho, kwa hiyo hao walikuwa wakitufanyia kazi bure). Mama nkejje huatamia mayai kinywani. Basi walikuwepo hata wa kuwanyang'anya akina mama watoto wao mdomoni! Humphry Greenwood, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Jinja miaka ya 1950, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatenganisha kwa meno na mataya.

Miaka hiyohiyo ya 1950 sangara aliletwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na spishi zipatazo 200 za nkejje zikatoweka au zikawa hazionekani tena. Wako waliomla sangara na kujenga nyumba kwa fedha yake, siwalaumu. Lakini kuna majina ya kisayansi ambayo leo hayana samaki.

Mdogo wangu alipougua surua, hospitali ilimpa vitamini A. Jaja akataka nkejje, kwa kuwa Baganda tangu zamani humpa mgonjwa wa surua nkejje mkavu. Mama alisema mukene anatosha, ni wa bei nafuu na anapatikana kila soko. Walibishana siku mbili. Jaja akasema, "Mukene ni chakula. Mimi nimeomba nkejje." Nikatumwa mimi, na nilizunguka hadi soko la tatu ndipo nikampata mama mmoja aliyekuwa nao, wamekaushwa na kutungwa kwenye vijiti.

Jaja aliwachomoa mmoja mmoja, akawapanga kwenye ungo, akawageuzageuza.

"Hawa wote wana uso mmoja," alisema. Zamani, alituambia, kijiti kimoja kilikuwa na nyuso nyingi, wengine midomo minene, wengine vichwa virefu, na watoto waligombania kuchagua.

Kisha akawatwanga, akaomba chumvi.