Kamba ya Kuku Mgeni

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ushuru wa forodha ni kamba ya namna hiyo. Bidhaa ya ng'ambo hufika bandarini ikafungwa mguu, isije ikampokonya punje kuku wa nyumbani ambaye angali akijifunza kuchakura. Hapana aibu katika desturi hii. Marekani na Ujerumani ziliifuata katika karne ya 19, viwanda vyao vilipokuwa vichanga. Lakini kamba humzuia mgeni tu. Haimfundishi mwenyeji kutaga.

Ujiji yalionyesha jambo hili kwa uwazi. Katika mji huo na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mchikichi ni mti wa riziki. Mkamuaji huchemsha machikichi katika pipa, huyamimina katika mashine ya chuma, na vijana huizungusha kwa mti mrefu, wakienda duara kama ngamia wa shinikizo la simsim. Mawese mekundu hutiririka, bali makapi hutolewa yangali na mafuta ambayo nguvu za mikono hazikuweza kuyakamua. Mafuta hayo yaliyobaki ndiyo kipimo cha uvumbuzi. Atakayebuni njia rahisi ya kuyatoa atakuwa ameongeza mavuno pasipo kuongeza mti hata mmoja.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihimiza kilimo cha michikichi mkoani Kigoma. Mwaka huohuo Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje: ghafi asilimia 25, na yaliyosafishwa asilimia 35. Tofauti ya asilimia 10 ilikuwa na hekima yake. Ilimwambia mwenye mtaji: usilete mafuta yaliyokwisha kusafishwa, njoo uyasafishie hapa, upate kujifunza kazi.

Lakini akili ya binadamu hupenda njia fupi. Mwaka huo, kabla ya bajeti, mafuta yalikwama katika bandari ya Dar es Salaam kwa ubishi wa kama yalikuwa ghafi au yamesafishwa kiasi. Pasipo kumshuku mtu yeyote, twaweza kujifunza hapa ya kwamba palipo na tofauti ya ushuru, jina la bidhaa huwa mali. Faida ya kubadili neno katika karatasi ikizidi faida ya kubadili gurudumu la mashine, werevu utahamia kwenye karatasi, na gurudumu litabaki kama lilivyokuwa.

Tena lipo jambo la muda. Chini ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi mwaka 2005, nchi itakayo kuacha kiwango cha pamoja huomba ruhusa, na ruhusa hiyo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Mchikichi haujui mwaka wa fedha. Mche wa tenera, wenye matunda ya ganda jembamba na nyama nyingi, unaooteshwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, huhitaji miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Mkamuaji anayefikiri kukopa fedha za mashine mpya hujiuliza kama bei ya leo itakuwapo atakapomaliza deni. Asipopata jibu, hubaki na mti wake mrefu na vijana wake. Hakukosa akili, amekosa hakika.

Juu ya hayo, ushuru waweza kumpiga kwa upande wa pili. Katika viwango vya pamoja mashine nyingi kamili za viwanda huingia kwa asilimia 0, bali nondo na vyuma vya jamaa yake vilipata kutozwa asilimia 25, ili kuvilinda viwanda vya chuma vya nchini. Basi fundi wa Mwanga au Ujiji atakaye kuunda shinikizo kwa mikono yake hulipia ulinzi wa jirani, na mshindani wake wa ng'ambo hupita bure. Hapo kuku mgeni amefunguliwa, na wa nyumbani ndiye aliyefungwa.

Malaysia yatoa somo. Mchikichi ni mti wa Afrika, na miche minne iliyopandwa Bogor, katika kisiwa cha Java, mwaka 1848, ilikuwa chanzo cha mashamba makubwa ya Asia. Katika miaka ya 1970 Malaysia ilitoza mafuta ghafi yauzwayo nje ushuru mkubwa kuliko yaliyosafishwa, na viwanda vya kusafisha vikaota kwa wingi. Mwaka 1979 ikaunda taasisi ya utafiti wa mawese. Ushuru haukuachwa peke yake. Ulitembea pamoja na maabara.

Kwa kweli ushuru ni muda ulioazimwa kutoka kwa mlaji. Mama anunuaye chupa ya mafuta sokoni ndiye mkopeshaji, ingawa hakuulizwa. Deni lake halilipwi kwa kiwanda kuwa na mlango na bango. Litalipwa siku makapi ya Ujiji yatakapotoka makavu.