Mikoko ya Gazi na siri iliyo matopeni

JE, msomaji, ushawahi kutembea juu ya bahari bila kulowa? Kama bado, likizo ijayo wachukue watoto mwende Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ukishavuka feri ya Likoni, fuata barabara ya Lunga Lunga, upite Ukunda, kisha ukate kushoto kuelekea baharini.

Hapo utaliona daraja jembamba la mbao lililopenya katikati ya mikoko. Ni mradi wa kina mama wa kijiji, nao hutoza kiingilio. Maji yakijaa, utatembea juu ya bahari. Yakipwa, utakutana na matope meusi yanayonuka. Usizibe pua! Tazama jinsi mkoko ulivyojishikiza kwa mizizi mithili ya miguu ya buibui, na jinsi mchu ulivyochomoza vijiti kutoka matopeni ili upate kupumua. Humo ndimo samaki wachanga na kamba hujificha hadi wakomae. Mvuvi akiuangamiza msitu huo, amekata mshipi wake mwenyewe.

Wenyeji wa Gazi walilijua hilo kwa machungu. Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ilikatwa ili iwe kuni za viwandani. Kuna sehemu ambazo hazikuota tena. Mawimbi yakala ufuo, ukabaki mchanga mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa bahari wakishirikiana na wanakijiji walianza kupanda upya.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mtu aliyezoea kukata boriti za kumjengea mwanawe nyumba, leo aambiwe auache mti usimame? Atakula nini?

Jibu lilipatikana papo hapo matopeni. Mkoko hufyonza hewa ya kaboni, ambayo huongeza joto duniani, na kuifukia ardhini kwa karne nyingi. Mnamo 2013 wanakijiji walianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117. Watu wa ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao huwalipa kwa kazi hiyo. Fedha hizo zimeleta maji safi na vitabu vya shule katika Gazi na jirani yake Makongeni. Mivinje nayo ilipandwa nchi kavu ili watu wapate boriti na kuni bila kuugusa mkoko. Mwaka wa 2017 mradi huo ulitunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Gazi waliuziba wao wenyewe, mche kwa mche. Nawe msomaji uliye Nairobi, Nakuru au Kisumu, mto upitao nyuma ya mtaa wenu unatunzwa na nani? Ukirudi kutoka Gazi, waulize watoto swali hilo. Huenda wakakushika mkono, mwende mkaanze kazi.