Barua kwa Mwipwa Anayetaka Gia ya Nne

Dilala, Kolwezi
14 Septemba

Mwipwa wangu,

Sauti uliyomtumia mama yako nimeisikiliza mara tatu: mara ya kwanza maneno yako, mara ya pili moteri iliyokuwa ikinguruma nyuma ya maneno, mara ya tatu moteri peke yake. Vijana wa garaji waliacha kazi wakaja kusikiliza nami chini ya mwembe. Chevelle ya mwaka 1970, pistoni nane, lita 5.7, na mtoto wa Dilala ndiye ameshika volan! Mmoja akauliza volan iko upande gani. Nikamjibu kwamba huko Marekani iko kushoto, inapopaswa kuwa. Ni sisi tunaopita kuume kwa motoka za Japani zenye volan ya kuume, hadi abiria wa mbele ndiye anayemchungulilia shofere kama anaweza kulipita lori la shaba.

Shida yako nimeielewa. Kila Jumapili unatoka Des Moines kwenda kusali na wenzetu Omaha, zaidi ya kilomita 200, na njia nzima moteri inalia kama inaomba gia nyingine. Masikio yako hayakukudanganya. Bwati yako ya gia, Turbo-Hydramatic 350, ina gia tatu tu, na ya tatu ni sare: moteri ikizunguka mara moja, kardani, ule mhimili wa kwenda nyuma, inazunguka mara moja. Unataka kuitoa uweke yenye ovadraivu. Sikukatazi. Ila maliza barua hii kabla hujalala chini ya motoka. Mimi nimelala chini ya motoka za watu tangu nilipotoka kampuni ya madini ya Gécamines mwaka 2003, pamoja na wenzangu zaidi ya 10,000, na baadhi ya makosa nitakayokutajia niliyalipa kwa mfuko wangu.

Ovadraivu yenyewe unaijua tangu utoto. Kumbuka taksi za ex-Japon nilizokuwa nakutuma uzioshe: pembeni ya mkono wa gia kuna kitufe kidogo, na kwenye dashibodi taa ya manjano yenye maandishi O/D OFF. Sijui ni wateja wangapi walioniletea motoka wakisema taa ya ugonjwa imewaka. Nabonyeza kitufe, taa inazimika, mteja anabaki ananitazama, nami naona haya kumdai hata bei ya soda. Kitufe kile ndicho kinachoizuia au kuiruhusu gia ya nne. Katika bwati ya Toyota A340, gia hiyo ni 0.705. Katika 700R4 ya General Motors unayoitaka ni 0.70. Karibu ni pacha.

Ndani ya 700R4 kuna jino la kati, vijino vinavyolizunguka vikiwa vimebebwa na fremu yao, na duara la nje lenye meno kwa ndani. Mkanda wa chuma ukilikamata jino la kati lisizunguke, kisha moteri ikaisukuma ile fremu, duara la nje linakimbia kuliko fremu iliyolisukuma. Kwa hiyo gia ya nne haikuongezei nguvu, nguvu inapungua. Inachofanya ni kuipumzisha moteri wakati magurudumu yanaendelea na safari.

Sasa tupige hesabu. Aliyekuuzia alisema difu ni 3.73, yaani gurudumu likizunguka mara moja, kardani imezunguka mara 3.73. Maneno ya muuzaji si kipimo. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni hii: inua nyuma kwa jeki, weka vigogo imara, gia iwe huru, magurudumu yote mawili yazungushwe pamoja mara moja kamili, nawe hesabu mizunguko ya kardani kwa alama ya chaki. Ikikaribia mitatu na robo tatu, muuzaji alisema kweli. Basi kwa gurudumu la kipenyo cha sentimita 66, ukienda maili 70 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 112, moteri inazunguka karibu mara 3,360 kila dakika. Gia ya 0.70 inaishusha hadi karibu 2,350. Tofauti ni kama mizunguko 1,000 kwa dakika. Safari ya saa mbili inakupa kama mizunguko 120,000 ambayo pistoni zako hazikupanda wala kushuka.

Utajiuliza kwa nini waliotengeneza motoka nzuri hivyo hawakuipa gia hiyo tangu mwanzo. Mwaka 1970 petroli kwao ilikuwa rahisi, na aliyenunua Chevelle alitaka nguvu ya kuondoka kwenye taa. Ikaja vita ya Oktoba 1973, Waarabu wakafunga mafuta, na mwaka 1974 Marekani nzima ikawekewa kikomo cha maili 55 kwa saa. Miaka ile ile mafuta yalipopanda, huku kwetu bei ya shaba ilianguka, na nchi iliyokuwa ikijenga kwa mikopo ikashindwa kuilipa. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka nkambo wako akirudi kutoka kazini akikaa kimya barazani. Wamarekani walijibu kwa vyuma: bwati ya 200-4R ikatoka mwaka 1981 na 700R4 mwaka 1982. Kwa hiyo unachotaka kufanya ni kuipa motoka ya wakati wa shibe bwati iliyozaliwa na njaa. Zinaweza kukaa pamoja, mradi ufuate masharti ya hiyo bwati.

Kuhusu kuchagua. 700R4 inafunga kwenye moteri yako bila adapta, na hata ncha ya kardani yako ya zamani inaingia. Lakini yenyewe ni ndefu kuliko ya sasa: sapoti ya bwati itarudi nyuma, kardani itakatwa. Usiikate kwa kipimo ulichoambiwa. Funga bwati kwanza, shusha motoka ikae juu ya magurudumu yake, ndipo upime. 200-4R ina urefu ule ule wa bwati yako, kardani haikatwi. Ni sapoti tu inayohama. Gia yake ya nne ni 0.67, na ya kwanza ni 2.74. Ya kwanza ya 700R4 ni 3.06, wakati yako ya sasa ni 2.52. Kwa difu yako, 3.06 itakufanya uondoke kama umepigwa teke kwa nyuma, basi kanyaga kwa adabu. Ukichagua 700R4, tafuta ya mwaka 1987 kwenda mbele. Za mwanzo zilikuwa na udhaifu uliorekebishwa baadaye. Na yoyote utakayopata, ifungue uangalie sahani za gia ya tatu na ya nne, maana hizo ndizo hutangulia kuungua.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu badala ya kukutumia sauti.

Bwati yako ya zamani ina kebo inayotoka kwenye kabureta. Ile kebo kazi yake ni moja: ukikanyaga hadi mwisho, inaiambia bwati irudi gia moja. Ikikatika, motoka inaendelea kutembea na hakuna kinachoharibika. Bwati mpya nayo ina kebo, inatoka mahali pale pale, inafanana na ile. Mafundi wengi hudhani ni kebo ile ile. Siyo. Hii kila wakati inaieleza bwati mguu wako umekanyaga kiasi gani, na kwa kiasi hicho bwati inapandisha presha ya mafuta inayobana sahani. Ikilegea, unakanyaga kwa nguvu huku bwati imeambiwa kwamba mguu ni mwepesi. Presha inabaki ndogo, sahani zinateleza, zinaungua. Hakuna taa itakayowaka. Hakuna kelele. Motoka inabadilisha gia mapema na kwa ulaini mtamu, na shofere anasifu fundi.

Mimi nilisifiwa hivyo. Mama mmoja wa soko alikuwa na Hiace ya otomatiki, anakwenda Lubumbashi kuleta unga. Nilimwekea bwati nyingine, nzima kabisa. Kwenye kebo za Toyota za aina ile kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa juu ya waya. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya kipande kile na mdomo wa ganda isizidi milimita 1. Nililijua hilo. Lakini ilikuwa jioni, umeme umekatika, mama ana haraka, nami nikaiseti kwa vidole. Akaenda Lubumbashi bila mzigo, akanipigia simu kunishukuru jinsi gia zinavyoingia kama siagi. Siagi ile ilipaswa kunishtua, lakini nilifurahi. Akarudi na mzigo, akapita Likasi, akafika Fungurume. Hakupita hapo. Nilipochomoa kijiti cha mafuta, harufu ilinipiga kabla sijaona rangi. Bwati ya tatu niliinunua mimi.

Kwa hiyo, mwipwa, iwe 700R4 au 200-4R, usiruke hili. Kabureta yako haikutengenezwa kwa kebo hii, na mkono wake huivuta kwa pembe isiyo yake. Nunua kishikio na kipande cha kurekebisha pembe kwa kabureta yako hasa. Ukishafunga, mwenzio akanyage pedali hadi chini, moteri imezimwa, nawe uangalie kwa macho yako kwamba kebo imevutwa hadi mwisho wake. Kabla ya hapo usiendeshe hata kwenda kituo cha mafuta.

Mengine ni madogo. Weka rediata ndogo ya mafuta ya bwati mbele ya ile ya maji, kwa sababu joto linaua otomatiki kuliko kilomita. Konveta, lile bakuli linalokaa mahali pa ambreyaji, lina kufuli ndani yake linalohitaji umeme. Vuta waya wake vizuri, maana gia ya nne bila kufuli inapika mafuta safari nzima. Bwati ya zamani ifunge kwa plastiki uiweke kavu. Siku ukiuza motoka, atakuja mzee anayeitaka kama ilivyozaliwa.

Mama yako anakusalimu. Anasema kila ukipiga unamwambia uko muzuri, kazi iko muzuri, usingizi uko muzuri. Mimi najua kiwanda chenu cha nyama kinafanya kazi usiku, na najua ibada ya Omaha ni ya asubuhi. Sitaki kukuhubiria, nimekuambia tu habari za Hiace iliyokuwa ikiambiwa mguu ni mwepesi.

Nasubiri namba mbili kutoka kwako: mizunguko ya kardani kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, na saa ulizolala usiku wa kuamkia Jumapili. Ya kwanza hesabu kwa chaki. Ya pili usiiseti kwa vidole.

Mjomba wako,
Dilala