Nilisoma Muhula Mzima, Mfumo Haukunijua

Jina langu halikuwamo kwenye orodha ya watahiniwa. Nilikuwa mwaka wa pili. Ada nimelipa kwa kumbukumbu namba, zile tarakimu 12 za malipo ya serikali, na risiti ninayo. Ofisi ya usajili wakasoma kompyuta yao, wakaniambia sijasajili hata somo moja.

Bumu nalo likakwama, maana fedha za kujikimu hutolewa kwa mwanafunzi ambaye chuo kimemthibitisha. Mama nilimficha, najua angeuza mahindi ya akiba. Dada mmoja wa hosteli akawa anapakua sahani mbili kabla sijafika, ili nisione haya kuomba. Mungu ambariki.

Aliyenivusha ni kaka wa kitengo cha TEHAMA. Hakuniuliza kwa nini sikujisajili. Aliniambia, "Hebu fanya kama ulivyofanya siku ile, nikuone." Nikatoa simu, kwani kompyuta sina, na wengi wetu hatuna, usajili tunaufanya kwa bando la usiku. Nikaingia, nikatia tiki masomo yangu, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Maandishi ya kijani yakatokea kwamba masomo yamehifadhiwa.

Akaichukua simu, akausukuma ukurasa kwa kidole kuelekea kushoto: safu ya msimbo wa somo, ya jina la somo, ya mwalimu, ya uniti, hadi ukingoni kabisa kikajitokeza kitufe kingine, cha kuthibitisha. Jedwali lilipangwa kwa kioo kipana cha kompyuta. Kwenye simu kitufe kile kilikuwa hakionekani, na bila kukibonyeza masomo yote yalibaki rasimu. Maandishi ya kijani hayakusema hivyo. Mfumo unaomwambia mtu "tayari" wakati bado, huo unamdanganya, hata kama aliyeutengeneza hakukusudia.

Kaka yule hakuishia kwangu. Alichambua hifadhidata akatoa orodha ya wote waliohifadhi bila kuthibitisha. Tulikuwa wengi, na baadhi walikwisha kuitwa wazembe mbele ya wenzao. Orodha aliyoipeleka kwa msajili ndiyo iliyotuingiza kwenye chumba cha mtihani. Bumu likafuata baadaye, nikaanza kulipa madeni ya chakula.

Muhula uliofuata kitufe kilihamishiwa chini ya somo la mwisho, na maandishi ya kijani yakawa mekundu: usajili wako haujakamilika, thibitisha.